Nicholas Emorut na Bwawa la Samaki wa Baridi

“Emorut, umefungia ng’ombe maji! Sasa ng’ombe za Teso yote ziende Malaba zikanunuliwe soda? Hata Nuhu alikaribisha wanyama, na yeye maji yake yalikuwa ya kuua!”

Hivyo ndivyo dada yake, Apeduno, alikuwa anampigia kelele siku seng’enge ilimaliza kuzunguka bwawa, Mei 2019. Marehemu tunayemzika leo alikuwa amesimama upande wa ndani, kufuli mkononi, kofia imekaa sawa, anamwangalia dada yake kama mtu anaangalia mvua ikinyesha shamba la jirani.

“Dada, punguza sauti,” akasema. “Samaki hawapendi kelele.”

“Samaki gani? Humo hakuna samaki!”

“Wanakuja.”

Hapo ndipo wengi wenu mlioketi hapa leo mlianza kumjua marehemu, au mliacha kumjua. Lakini hakuna mtu huzaliwa na kufuli mkononi, kwa hivyo tuanze mahali watu wote huanzia.

Marehemu Nicholas Emorut alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 katika boma hili hili, upande wa juu wa barabara kuu, kati ya Kocholia na Malaba. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Egwang na mama Brigid, ambao wote wametangulia. Apeduno, kifungua mimba, ndiye alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na mpaka juzi alikuwa akisema mtoto yule alikuwa mzito kuliko umri wake na hakujua kushukuru. Mwaka huo wa kuzaliwa kwake ndio mzee Egwang aliita watu wachimbe bwawa. Kabla ya hapo ng’ombe zilikuwa zinavuka barabara kwenda kunywa mto Malaba. Wakati huo barabara ilikuwa ya vumbi, na gari ikipita mtu anaita majirani waje waione, lakini mzee alisema siku moja gari zitakuwa nyingi kuliko ng’ombe, na watu wakamcheka. Kila boma ikatoa mtu na jembe. Watu wakaliita Bwawa la Egwang, na mzee akawa anakataa hilo jina. “Mimi nilipiga kelele tu,” alikuwa anasema. “Waliochimba ni nyinyi.”

Bwawa lilikuwa na siku yake. Kiangazi kikikaza, maji yakishuka mpaka kiunoni, wanawake wa boma zote walikuwa wanaingia pamoja na vikapu. Aliyewazidi wote umri anatangulia, wengine wanamfuata wakipiga maji kwa mikono na kuimba, samaki wanachanganyikiwa, kila mmoja anachukua kile kikapu chake kimepata. Wanaume walikuwa wanakaa juu ya ukuta wa udongo na kazi yao ilikuwa kunyamaza. Marehemu akiwa mdogo wa kama miaka mitano alikataa kunyamaza. Alishuka, akajitosa kati ya wanawake, akashika mumi, yaani kambare, kwa mikono miwili, na yule mumi akamchoma na mwiba wa ubavuni. Alilia mpaka watu wa upande wa pili wa barabara wakauliza nani amekufa. Lakini samaki hakumwachilia. Mama yake aliukunjua huo mkono kidole kwa kidole, na yule samaki akapelekwa kwa mjane mmoja aliyekosa kitu siku hiyo.

Alijiunga na shule ya msingi ya kanisa mwaka wa 1974, akamaliza darasa la saba, akaingia sekondari mwaka wa 1981. Huko alikaa mpaka kidato cha tatu. Mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa, “Emorut, wewe unaangalia barabara kama ndiyo ubao.” Ilikuwa kweli. Dirisha lake lilikuwa linaangalia malori ya kwenda Kampala. Mwaka wa 1983 mzee Egwang alifariki, na marehemu akashuka kutoka darasani moja kwa moja mpaka kwa lami, akawa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori.

Kazi ya tanboi aliifanya miaka tisa, Mombasa mpaka Kampala na kurudi. Alikuwa kijana wa nguvu, mcheshi, wa kulala juu ya magunia ya mahindi kama mtu amelala hotelini. Lakini safari iliyomwingia damuni ilikuwa ya mwaka wa 1988, wakati lori lao lilipeleka saruji kwa hoteli moja ya watalii kwenye miteremko ya Mlima Kenya, likaharibika hapo. Wakingoja vipuri, marehemu aliona wageni wamesimama ndani ya kijito cha maji ya baridi, wamevaa buti za mpaka kiunoni, wanarusha uzi. Mmoja akavuta samaki wa madoadoa, akampima, akapigwa picha naye. Kisha akamrudisha majini.

Hadithi hiyo aliisimulia katika kila mkahawa wa Malaba. “Mtu anatoka ng’ambo,” alikuwa anasema, “analipa ndege, analipa hoteli, analipa kibali, anashika samaki, anamwambia kwaheri. Hamli! Hamuuzi! Samaki mmoja anashikwa na watu kumi na bado yuko. Niambieni ni mfugo gani mwingine unaweza kukamua hivyo.” Samaki huyo anaitwa trauti. Marehemu alilitamka hilo jina polepole, kama jina la msichana.

Mwaka wa 1992 aliacha malori akaingia kwa kazi ya ejenti wa kupitisha mizigo mpakani. Hapo ndipo aling’aa. Trela imekwama, dereva amelala chini yake siku mbili, marehemu anakuja na kalamu sikioni, anaongea Kiteso hapa, Kiluhya pale, Kiganda kidogo ng’ambo, anacheka na mkubwa, anamtania mdogo, na gari linavuka. Madereva walimwita boss. Waganda walimwita ssebo, yaani bwana. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba hakuna kitu duniani hakiwezi kupita, ni vile tu haujaongea na mwenyewe. Halafu kazi ikaingia kwa kompyuta, na kompyuta haikuwa na mkubwa wa kuchekeshwa. Mwaka wa 2016 alifunga ofisi yake ya mabati akarudi nyumbani, mwanaume wa miaka hamsini, mwenye nguvu zake zote na hana kitu cha kupitisha.

Mambo ya ndoa. Marehemu alikutana na Truphena Awino sokoni Busia mwaka wa 1991, akiuza dagaa wa omena. Truphena ni mzaliwa wa Rukala, kule Budalang’i, ambako mto Nzoia ukikasirika watu wanahama na kuku kichwani. Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1992. Mahari ilikuwa imepelekwa mwezi wa tano, na mwezi wa tano Rukala ni ziwa. Ng’ombe zilifika kwa baba mkwe zikiogelea, pua peke yake ndiyo inaonekana. Mzee yule alisimama kwa kilima cha mchwa akauliza, “Huyu kijana ameleta ng’ombe ama ameleta samaki?” Marehemu aliyapenda maneno hayo mpaka uzeeni. Mungu aliwajalia watoto wanne, Yvonne akiwa wa kwanza. Kwa nyumba alikuwa baba mpole. Hakuwahi kuinua mkono, na akipika chapati siku ya Krismasi alikuwa anazipanga kwa ukubwa.

Sasa bwawa.

Desemba 2018 marehemu aliita mkutano. Alichinja fahali, watu wakala kwanza, ndiyo akaongea. Akasema bwawa litasafishwa, samaki wetu watolewe, waingizwe trauti wa aina tatu, ili mgeni akija asichoke na sura moja. Nyumba za wageni zitakuja baadaye. Malaba, akasema, watu wanapita tu, hakuna mtu anasimama, na sisi tunakaa kando ya barabara kama viatu nje ya mlango.

Otukei, mume wa Apeduno, alikuwa mtu wa ng’ombe na wa maneno machache. Boma lake linapakana na bwawa. Aliinua mkono.

“Shemeji, hao wageni wakishika samaki wanamrudisha?”

“Wanamrudisha.”

“Sasa wanakula nini?”

“Hawali. Wanafurahi.”

“Na sisi?”

“Nyinyi mtawauzia chai.”

Watu wakacheka. Mwingine akauliza ng’ombe zitakunywa wapi. Marehemu akasema ni kwa muda tu: geti litafungwa mpaka samaki wazoee maji, wakizoea litafunguliwa upande mmoja na ng’ombe zitarudi. Watu wakaanza kunung’unika. Mkutano ulikuwa unaenda kuvunjika, na hakuna mtu hapa anaweza kusema haikuwa hivyo. Ni Otukei aliyesimama tena. Akasema, “Huyu ni mtoto wa Egwang. Baba yake alisema gari zitakuwa nyingi na tukamcheka. Mimi naona tumpe. Ng’ombe zangu zitatembea kidogo.”

Kwa sababu ya Otukei, watu walikubali. Apeduno alikuwa ameketi nyuma yake. Amesema mara nyingi kwamba aliona kiraka cha shati lake mgongoni, kile alikuwa amekishona yeye mwenyewe, na akajiambia, huyu mume wangu leo ameongea kama mwanaume.

Februari 2019 wanawake waliingia na vikapu mara ya mwisho, Apeduno mbele, kwa sababu umri ulikuwa umemfikia. Kisha marehemu akakata ukuta, maji yakatoka, matope yakakaa kwa jua mpaka yakapasuka. Aliamini kila kitu kimekufa humo. Hapo kuna kosa ambalo hata mtoto wa hapa hawezi kufanya, na yeye alichomwa na mwiba humo humo akiwa mdogo. Mumi haondoki na maji. Mumi anaingia kwa matope anangoja. Lakini mtu akishapenda samaki wa mlimani, anasahau wa kwao.

Mvua ya mwezi wa nne ikajaza bwawa. Juni akafika Morris, fundi wa samaki kutoka mlimani, na pikapu yenye tangi na mashine ya kupuliza hewa. Alileta aina ya kwanza, ile ina mstari wa rangi ya waridi, wanaita renibo. Morris aliingiza kidole kwa maji ya bwawa akakitoa haraka.

“Mzee, hii maji ni ya kuoga.”

“Watazoea,” marehemu akasema. “Mimi nilitoka hapa nikalala Mombasa.”

“Mzee, hawa wanataka baridi.”

“Hata mimi napenda baridi. Wamwage.”

Wiki haikuisha renibo wakaanza kuja juu, midomo wazi. Marehemu alikimbia Busia, akakodisha gari ya barafu, ile ya wachuuzi wa samaki, na mchana kweupe vijana wakawa wanarusha vipande vya barafu bwawani kama watu wanapiga nyoka. Truphena alikuja akasimama kando.

“Baba Yvonne, kwetu Rukala barafu tunawekea samaki akishakufa.”

“Hii ni ya kumzuia asifike hapo.”

Barafu ilielea kidogo ikaisha. Samaki walielea zaidi. Waliliwa na korongo na mbwa, na kwa sababu hakuna mtu alitaka kuonekana, waliliwa pia na watu.

Ya pili ilikuwa 2021. Sasa alikuwa amepanda mikaratusi kuzunguka maji ili ilete kivuli, na amechimba shimo refu katikati. Kivuli kilikuwa chembamba na mikaratusi yenyewe ikawa inakunywa kuliko ng’ombe waliofukuzwa. Aina hii iliitwa brauni, ya madoa mekundu, na Morris alisema ndiyo vumilivu. Lakini ilikuwa wakati ule wa korona, malori yamepanga foleni kutoka Malaba mpaka mtu haoni mwisho, na pikapu ya Morris ikaingia katikati ya trela mbili ikakwama. Marehemu, ambaye alipitisha mizigo ya watu maisha yake yote kwa hiyo barabara, alikuwa anakimbia kando ya foleni akigonga milango. “Boss, sogea kidogo! Niko na viumbe hapa!” Dereva mmoja akamwambia, “Hata mimi ni kiumbe, mzee, na niko hapa tangu Jumatatu.” Brauni wengi walifika wameiva. Waliobaki wakamwagwa, na geti likafungwa tena, kwa sababu samaki hawajazoea.

Watu walianza kumuuliza. Apeduno alikuwa anamuuliza kila Jumapili. Yeye alikuwa na jibu kila Jumapili.

Mvua za mwisho wa mwaka huo zilikosa. Mto ndio ulikuwa na maji peke yake, na mto uko ng’ambo ya lami. Ijumaa tarehe 18 Februari 2022, saa kumi jioni, Otukei alikuwa anarudisha ng’ombe kutoka mto Malaba. Lori lilikuwa linapita foleni kwa upande usio wake. Ng’ombe mmoja aliogopa akarudi nyuma, Otukei akarudi kumchukua. Ng’ombe huyo yuko mpaka leo.

Marehemu alinunua jeneza zuri. Alileta fahali, alileta hema, alikaa na wafiwa siku zote bila kwenda kwake. Hilo lisemwe, ni haki yake. Siku ya mazishi alipopewa nafasi ya kuongea, watu wote walimgeukia. Hapakuwa na mtu hakujua anangoja kusikia nini. Marehemu akasema, “Ajali ni ajali,” akasema shemeji yake alikuwa mtu mwema, akaketi. Apeduno alikuwa anamwangalia. Aliendelea kumwangalia hata padri alipoanza kuomba.

Wengi tulifikiri sasa geti litafunguliwa. Halikufunguliwa. Truphena alimuuliza asubuhi iliyofuata, akimmiminia chai, mbona asifungue tu, samaki wenyewe hakuna. Jibu alilompa Truphena ndilo watu wengi wa hapa hawajawahi kulisikia, na ametukubalia liingie hapa. Alisema, “Mama Yvonne, nikifungua leo, itakuwa nimesema ni mimi.”

Kwa hivyo 2023 akaleta aina ya tatu.

Hiyo iliitwa bruku, ya tumbo la rangi ya machungwa, na Morris alikataa kuileta mpaka marehemu akamfuata mwenyewe mlimani. Na safari hii akapata mgeni, mmoja. Alikuwa Mzungu mzee, mstaafu, njiani kwenda Kampala, ambaye alisikia hadithi kwenye mkahawa wa Malaba akaja na fimbo yake ya kuvulia. Marehemu alivaa suti. Mgeni alikaa kwa kiti cha plastiki chini ya mkaratusi tangu asubuhi. Kijiji kizima kilikuwa nje ya seng’enge, kimenyamaza kama kanisani. Alasiri uzi ukavuta, fimbo ikapinda, mzee wa watu akasimama, na baada ya kuvutana sana akatoa mumi mkubwa kama mguu wa mtu, mweusi, na ndevu zake.

“Nzuri sana!” akasema yule mgeni. “Ajabu!” Akapiga picha. Akakumbuka desturi, akataka kumrudisha.

“Wacha huyo!” Apeduno akapiga kelele kutoka nje ya waya. “Huyo ni wetu!”

Mumi alipasuliwa hapo hapo kwa ukuta. Tumboni alikuwa na bruku wawili, mmoja bado mzima, na tumbo lake la machungwa. Watu wakaangua kicheko, cha kwanza kwa muda mrefu katika mahali pale. Marehemu alimchukua yule samaki mdogo akamweka kwa kiganja, akamwinua juu ili watu wote waone.

“Si mmeona?” akasema. “Si mlisema hawako?”

Kicheko kikaisha chenyewe.

Mgonjwa alikuwa tangu 2014, sukari. Aliibeba vizuri, alikuwa anajidunga sindano mwenyewe na kutania daktari. Julai mwaka huu, akirekebisha seng’enge mahali ambapo ng’ombe zilikuwa zimeisukuma, alikanyaga kipande cha waya na mguu wa kushoto. Kidonda kilikuwa kidogo. Hospitalini Kocholia walimwosha, wakamwambia apumzishe mguu, na kila siku akawa anaupumzisha kwa bwawa. Oktoba hali ilizidi, akahamishiwa hospitali ya Alupe, ambako alitunzwa kwa upole, na watoto wake wakabadilishana zamu. Alifariki huko Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, Truphena akiwa amemshika mkono.

Mliokuja na magari leo, mtakuwa mmeona pahali mmeegesha. Jana vijana walikata seng’enge upande wote wa juu na kung’oa geti, kwa sababu kamati ya mazishi iliona wageni watakosa mahali pa kuweka magari. Ilichukua muda wa kunywa chai. Apeduno alikuja akasimama akiangalia waya ikikunjwa. Miaka sita na zaidi aliliomba lile geti kwa ajili ya ng’ombe, akaliomba akiwa na mume na akaliomba akiwa mjane. Kijana mmoja akamwambia, “Mama, sogea kidogo, pikapu ipite.” Akasogea.

Marehemu amewaacha mke wake, Truphena Awino. Watoto Yvonne, Job, Sylvia na Brayo. Wakwe wawili na wajukuu watano. Dada yake Apeduno, mjane wa Otukei. Na ndugu, jamaa na marafiki wa pande zote mbili za mpaka. Alipenda watu, alipenda kucheka, na alitaka wageni wasimame kwetu, na hilo halikuwa dhambi. Udongo umpokee taratibu. Yeye alale. Sisi bado tuna mazungumzo.

Kuna jambo moja limebaki. Wengine kwa familia walitaka liachwe nje, na Apeduno akasema kama halitasomwa, hatakuja kaburini. Amekuja, kwa hivyo linasomwa.

Jumapili tarehe 5 Oktoba, kabla apelekwe Alupe, marehemu alikuwa ameketi juu ya ukuta wa bwawa, mguu umefungwa bandeji. Apeduno alikuwa anatoka mtoni na ng’ombe zake tatu. Tangu Otukei aende, ni yeye huzivusha lami, na miaka yake ni sitini na mitano. Alisimama nje ya waya. Ng’ombe zikasimama naye, zikanusa maji.

“Mguu unaendelea aje?” akauliza.

“Uko tu.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

Halafu akamwita kwa jina la ubatizo, ambalo hakuwa analitumia.

“Nicholas. Leo sikuulizi mambo ya geti. Geti nimechoka nayo. Na samaki wako sikuulizi. Nakuuliza Otukei. Siku ile ya mkutano watu wote walikuwa wamekukataa, yeye akasimama na wewe. Mbele ya watu. Sasa niambie, ndugu yangu, tuko wawili tu hapa, hakuna mtu anasikia. Wewe ulisimama na yeye lini?”

Marehemu aliangalia maji. Akaweka mkono chini, akajisukuma akasimama, akashika mti asianguke. Akageuka, akaenda zake juu ya ule ukuta wa udongo kuelekea nyumbani, polepole, akiburuta ule mguu, na hakuangalia nyuma.